Miguu ya Kiti cha Hester

Jumatatu, 4 Machi 2019
Daktari anasema moyo wangu umechoka. Huenda nisiione Pasaka. Basi niungame: kiti cha Windsor, kile cha mbao cha mtindo wa kale, cha jirani yangu Hester Plumridge, hakina miaka mia mbili. Kina arobaini na minane! Nilikiunda bandani kwangu, enzi hizo nafundisha Kilatini, nikakipaka chai na siki kionekane cha kale, nikampelekea, nikamwambia kimetoka nyumbani kwa marehemu mchungaji. Tangu hapo kinakaa kwake kando ya moto, na hata paka haruhusiwi kukikalia. Hapa Wycombe, mji wa mafundi viti, wajukuu hutupa makabati na makochi ya bibi zao. Kiti cha Windsor hukigombania.
Nitamwambia kesho. Nife mwepesi.

Jumanne, 5 Machi
Sikumwambia. Alinipokea kwa keki na habari: kiti anakitoa kwa makumbusho ya mji. Mtaalamu anakuja Alhamisi! Akanitania kwamba jina lake litabaki ukutani, mimi na Kilatini changu tutasahaulika. Nilikula vipande viwili. Aibu haikunizuia.

Jumatano, 6 Machi
Mpango! Miguu ya zamani ilichongwa mti ukiwa mbichi. Ulipokauka ukasinyaa upande mmoja, mguu ukawa na umbo la yai. Yangu niliichonga kwa mti mkavu. Mviringo kamili, kama bomba! Mtaalamu akiigusa tu, nimekwisha. Dawa yake: msasa. Nikaenda kwake; Hester akachemsha chai jikoni, mimi nikajilaza chini ya kiti, nikasugua. Mguu ukaanza kukubali. Mgongo ukakataa.
Akaingia na birika, akauliza kama nimekufa au natafuta kitu. Nikaungama hapo hapo, chali, unga wa mbao kinywani.
Alicheka mpaka akatua birika. Kumbe alijua tangu siku ya kwanza! “Mie mtoto wa fundi viti, Ambrose. Miguu hii niliishika siku ile ile ulipokileta. Nimekiweka kwa sababu ni kizuri, mzee mwongo we!” Watu wa makumbusho nao, anasema, amewaambia kwamba si cha kale. Vya kale wanavyo ghala zima. Wanataka cha kuonyesha kwamba watu hawajaacha kuviunda.
Alinishika miguu akanivuta nje ya kiti. Nimesamehewa. Sijawahi kuwa mwepesi hivi.

Alhamisi, 7 Machi
Mtaalamu alipapasa kikalio cha kiti. Kisha akasema hajaona kikalio kilichochongwa vizuri namna hii. Mtu akikaa, hataki kuinuka. Akauliza: fundi ni nani, jina lake liandikwe kwenye kibao kwa rangi ya dhahabu?
Hester akanitazama. Mtu aliyeungama jana, roho nyeupe kama shuka! Nikajibu: mimi.
Kikalio alikichonga Reuben Goodchild, seremala wa mtaa wa chini, kwa chupa mbili za bia. Mimi nilifanya miguu na uongo. Reuben alishakufa, na hakupenda makuu.
Nimewaomba waongeze mstari mmoja wa Kilatini.
La Reuben nitaliungama. Rangi ikishakauka.