Diski Mpya ya Steshenari Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Kompyuta imechukua dakika kumi na moja kuwaka. Nimepima! Mteja akachoka, akavuka barabara kwenda kwa Rahima. Steshenari yake inatazamana na yangu, na kompyuta yake huwaka kabla hujakaa vizuri. Mvua, baridi, aibu. Nimeagiza Mbeya diski ya SSD. Eti ukiiweka badala ya diski ya zamani, kompyuta kuukuu inakimbia kama mpya. Rahima atakoma!

Jumanne, 4 Juni
Imefika. Nyembamba, nyepesi kama biskuti! Fundi Ackson amesema kwanza ninakili kazi za wateja kwenye flashi, halafu nimsubiri mpaka Ijumaa. Ijumaa! Nimemwambia asijisumbue.

Jumatano, 5 Juni
Nimefungua mwenyewe. Vumbi la miaka tisa. Nikachomeka diski zote mbili. Programu ikauliza nihamishe kutoka ipi kwenda ipi. Swali gani hilo? Nikabonyeza ya juu. Upesi ajabu! Nikampungia Rahima mkono.
Saa nane mchana. Skrini nyeusi. Nimehamisha utupu wa diski mpya juu ya kazi zote za zamani. Sasa nina diski mbili tupu.
Saa tisa akaja Mama Anyitike, katibu wa wakulima wa kahawa wa kule Masoko. Kafuata katiba ya kikundi niliyomchapia, kurasa kumi na nane. Isipofika halmashauri Ijumaa, usajili mpaka mwakani. Nimemwambia leo umeme mdogo. Taa inawaka juu yetu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekiri. Hakufoka. Bora angefoka. Akakaa kwenye benchi, akasema taratibu: "Ile ya mkono niliwashia moto wa maharage, mwanangu. Si uliniambia kompyuta haisahau?"
Nikamshika mkono, tukavuka barabara. Rahima hakucheka. Akafunga mlango kwa wateja wengine, akaanza kuchapa. Mama Anyitike akataja kila kifungu kwa kichwa, maana kila kimoja wanakikundi walikigombania kwanza. Mimi nilichemsha chai. Tulimaliza saa kumi na moja. Rahima ameihifadhi sehemu tatu, akaniomba niwe nawaachia mafundi kazi zao. Nimeapa.

Ijumaa, 7 Juni
Katiba imepokelewa! Mama Anyitike ameleta mkungu wa ndizi. Kwa Rahima. Ni haki.
Ackson nilimwita tena, amemaliza kazi. Sekunde kumi na tano! Nimezima na kuwasha mara ishirini.
Mchana Rahima alitoka kwenda kuswali, akaniomba nimwangalizie duka. Printa yake inakwaruza. Nilitaka tu kumshukuru. Nimeifungua. Springi moja imerukia mtaroni, lakini sidhani kama ilikuwa ya muhimu.