Jiwe la Siku ya Kutoboa

Jumatatu, 1 Februari 1993. Osaka. Siku ya tisini na mbili tangu niondoke kwetu Akita, kaskazini.

Mashine ya kuchimba handaki la treni imebakiza mita sitini kufika ukuta wa stesheni inayofuata. Mnyapara Hirose ametutangazia asubuhi, baada ya mazoezi ya viungo ya redio. Akasema siku ya kutoboa, watu watatu wa kikosi chetu watasimama mbele kabisa, na hao ndio watakaookota mawe ya kwanza.

Sikusikia tena kitu kingine. Jiwe hilo nalitaka mimi. Binti yangu Fumie ana mimba ya miezi minane, ya kwanza, na nyonga zake nyembamba kama za mama yake. Sisi watu wa mahandaki tunajua: jiwe lililoanguka handaki linapotoboka, ukiliweka chini ya mto wa mjamzito, mtoto anapita bila kukwama. Wake wa wenzangu wote wamelilalia. Wangu hakulilalia. Mwaka ule nililisahau kwenye treni, na Fumie alichukua siku mbili kutoka. Mke wangu Tsuya hajasahau hata saa moja ya siku hizo mbili.

Jioni nikampigia simu. Nikamwambia nimeshachaguliwa. Si uongo, ni habari iliyotangulia kidogo. Tsuya akauliza huyo aliyenichagua anaitwa nani, na kama anazo habari za ile treni. Akasema theluji imefika dirishani na anaipakua paani peke yake. Kadi ya simu ikaisha. Afadhali.

Tatizo: Takase. Mtu wa Oita, kusini kabisa, sauti kama honi ya lori. Tunalala chumba kimoja. Mwanawe wa mwisho anafanya mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa mara ya tatu, na jiwe la kutoboa husaidia kupita mtihani pia. Ametangazia bweni zima kwamba nafasi moja ni yake, tusijisumbue.

Tutaona.

Jumatano, 3 Februari.

Siku ya kurusha maharage na kufukuza mazimwi. Kantini walitaka mtu wa kuwa zimwi. Hakuna aliyejitokeza. Nikaona hapa ndipo pa kujulikana na mnyapara. Nikavaa kinyago chekundu cha karatasi na kuingia nikinguruma.

Takase alirusha soya kama mtu aliyelipwa kwa harage. Moja liliniingia sikioni. Wote wakipiga kelele: mazimwi nje, baraka ndani. Mnyapara alicheka mpaka akashika meza. Mwishowe akampongeza Takase kwa shabaha yake. Mimi akaniuliza wewe ni nani, na kabla sijavua kinyago alikuwa ameshakwenda kula.

Mama Okiyo, mpishi wetu, mwenyeji wa hapahapa mjini, ndiye aliyenitoa harage kwa kijiti cha meno. Akasema, "Mzee, mwaka ujao ziba masikio kwanza, sura yako haina hasara."

Jumamosi, 6 Februari.

Mpango wa pili. Wiki iliyopita nilimwandikia Tsuya anitumie figili za kwetu, zile zinazokaushwa juu ya moshi wa kuni kisha zikatiwa chumvi na pumba. Zimefika nne. Mbili nilimpelekea mnyapara ofisini, nimezifunga kwa kitambaa safi. Nikainama. Nikasema ni kitu kidogo tu, cha aibu.

Aliguguna kipande. Kitu kikalia ka! mle mdomoni. Hakikuwa figili. Kumbe meno yake ya mbele ni ya bandia, nayo ni mapya.

Zilizobaki alizipeleka kantini. Takase alikula nusu nzima akisifu. Akaniambia, "Mzee Theluji, kwenu mnakausha kila kitu juu ya moshi, hata akili." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana nilikuwa na figili mdomoni na ilikuwa tamu kweli.

Jumatano, 10 Februari.

Siku mbaya. Naandika upesi nimalize.

Nilikuwa nimechoka. Tangu asubuhi tulikuwa tukifunga vipande vya ukuta nyuma ya mashine, bolti juu ya bolti, na mabega hayakuwa yangu tena. Mchana kantini nikakaa, nikawaza habari za Fumie, nikachukua bakuli la supu ya miso na kuimwaga yote juu ya wali.

Watu thelathini wameshika vijiti hewani.

Mtu wa mahandaki hamwagi supu juu ya wali. Mtoto mdogo wa mchimbaji analijua hilo. Wali uliolowa unamomonyoka, na kinachomomonyoka bakulini kitamomonyoka juu ya vichwa vya watu. Miaka ishirini na moja nimefanya kazi hii, sijawahi. Takase ndiye aliyeweka vijiti mezani kwanza. Ingekuwa heri anitukane.

Mama Okiyo akaropoka toka jikoni kwamba kwake wanakula hivyo kila asubuhi na paa bado lipo. Akaambiwa abaki na sufuria zake.

Mnyapara alinipa adhabu mbili. Kwanza, nimpelekee sake, pombe ya mchele, Bibi wa Mlima, mungu wetu, ambaye hapa mjini hana mlima na anakaa kwenye rafu karibu na lifti, chini ya barabara kuu. Nilimpelekea chupa kubwa. Nikamwomba radhi huku lifti ikishusha mabomba. Pili, siku tatu nisishuke. Nioshe magurudumu ya malori getini.

Nafasi yangu imekwenda na supu.

Ijumaa, 12 Februari.

Kuosha magurudumu si kazi mbaya. Sitamwambia mtu. Kuna jua. Wafanyakazi wa ofisi wanapita na viatu vyao vizuri, mlinzi anawainamia kuomba radhi kwa usumbufu, nami nashika bomba la maji. Mama Okiyo aliniletea chai na vitumbua vya pweza alivyonunua ng'ambo ya barabara. Nilikaa juu ya ndoo nikala. Sijakaa juani mchana tangu mwezi wa kumi na moja.

Sasa jambo kubwa. Kila lori linatoka limebeba udongo tulioutoa chini. Nimeosha malori mia moja na zaidi. Leo nikajiuliza: jiwe liko wapi?

Hakuna jiwe. Ni udongo wa mfinyanzi tu, wa kijivu, laini kama mochi ya mchele, na vipande vya makombe ya baharini. Mji mzima umekaa juu ya matope ya bahari ya zamani. Miezi mitatu tunachimba matope, sisi watu wa milimani, tunagombania jiwe, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza litatoka wapi. Hata mnyapara. Hata Takase na miaka yake thelathini.

Mimi peke yangu ndiye ninayejua. Sijapata kujisikia hivi tangu darasa la tatu, nilipopata hesabu sahihi kwa bahati.

Jumapili, 14 Februari.

Nimetembea mpaka ukingo wa mto Yodo. Nimechagua kwa saa mbili. Nimepata jiwe la kijani lenye weusi, ukubwa wa yai la bata, laini, na mstari mweupe katikati. Ukiliangalia unaona kabisa kwamba linajua habari za kuzaa.

Mpango: siku ya kutoboa nitajipenyeza mbele, niliangushe, niliokote. Nimelificha ndani ya soksi ya baridi. Takase aliniuliza kwa nini soksi yangu ina uvimbe. Nikasema ni soksi za kwetu.

Jumamosi, 20 Februari.

Nimegundua leo kwamba majina ya watu watatu yamebandikwa mlangoni mwa ofisi tangu Januari. Yamepangwa kwa miaka ya kazi. La kwanza Takase. La pili mtu wa winchi. La tatu Kamada Eizo. Huyo ni mimi.

Nilimuuliza mnyapara mbona hakutuambia. Akasema karatasi ipo pale watu wote wasome, na kwamba siku ya supu alichukua kalamu anifute, akanihurumia. Akauliza kwani mimi huwa sisomi mlangoni. Mlango ule una mabango kumi na manne ya usalama. Nani anasoma mlango?

Kwa hiyo zimwi, figili, vyote kazi bure. Na jiwe la mto halihitajiki kwa kujipenyeza. Lakini jiwe lenyewe bado halitakuwapo. Nitalibeba.

Jumatatu, 22 Februari. Siku ya kutoboa.

Nililitia ndani ya buti la kulia, chini ya kisigino. Kosa. Kutoka kwenye lifti hadi mbele ni mita mia nane. Nilichechemea. Mnyapara akauliza nina nini. Nikasema uzee. Takase, mshenzi yule, akanishika mkono akaniegemeza begani kwake njia nzima. Akasema, "Twende taratibu, Mzee Theluji, jiwe halikimbii." Nilijisikia vibaya kwa kama mita mia mbili.

Wakubwa walikuwapo, buti zao hazina hata tone. Mashine ikasaga. Ukuta ukatetemeka, ukapasuka, taa za upande wa pili zikaonekana. Tukainua mikono juu mara tatu tukishangilia. Watu wa upande ule wakatupungia. Mtu mzima nalia kila mara, sijui kwa nini. Ni tundu tu.

Kisha sisi watatu tukasogea na vitambaa vyetu vyeupe kuokota mawe.

Matope. Matope na mabonge ya zege la ukuta. Takase akapiga magoti akachakura kwa mikono miwili. Akachakura tena. Wakubwa wanatazama, mpiga picha anangoja. Takase akainua uso, nao ulikuwa mweupe. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Miaka thelathini natoboa milima. Leo nimetoboa ukuta wa choo." Mtihani wa mwanawe ni keshokutwa.

Nikainama, nikajifanya nafunga buti, nikalichomoa jiwe la mto nikalitia matopeni. Nikapiga kelele kwamba nimeliona.

Sijawahi kushangiliwa maishani. Hata harusini kwangu walishangilia sake. Mnyapara alilipokea jiwe kwa mikono miwili, akalisafisha kwa leso yake, akatangaza kwamba jiwe moja tu kutoka matope yote haya ni zawadi ya Bibi wa Mlima mwenyewe, basi ligawanywe. Lilivunjwa kwa nyundo pale pale. Vipande vitatu. Nilitaka kusema ngojeni. Nyundo ilikuwa imeshashuka.

Watu walipokwenda kunywa nikaokota bonge la zege, ukubwa wa ngumi. Kwa haki, hilo ndilo jiwe la kutoboa. Hakuna mwingine aliyelitaka.

Jumanne, 23 Februari.

Takase alituma kipande chake kwa posta ya haraka jana ile ile. Leo bafuni, tumekaa ndani ya maji ya moto mpaka shingoni, sikuweza kuvumilia tena. Nikamwambia kila kitu. Mto Yodo, soksi, buti.

Alicheka mpaka akameza maji. Akasema, "Nyinyi watu wa theluji mna wivu, hata jiwe lenu wenyewe mnalionea wivu." Nikaapa. Akasema basi, Mzee, inatosha, akanisugua mgongo kwa nguvu, kama ndugu. Nifanye nini? Nimesema kweli. Kweli haikununuliwa.

Sasa nimtumie Fumie lipi? La kweli ni zege. Tsuya akiliona atasema nimemtumia mwanangu kipande cha stesheni. La mto lina mstari mweupe. Nimetuma la mto.

Jumapili, 7 Machi.

Asubuhi Takase aliingia chumbani na telegramu mkononi. Mwanawe amepita. Mara ya tatu, amepita. Alinibeba mgongoni akazunguka bweni lote, na mimi nina soksi moja tu. Akalia begani kwangu, kwa sauti ile ya honi. Mama Okiyo alitukaangia mayai bila kuombwa.

Nikakimbia kumpigia Tsuya. Fumie amejifungua Alhamisi. Msichana. Saa mbili tu, mkunga alikuwa bado anavua koti. Nilikaa chini pale pale kwenye kibanda cha simu.

Tsuya akasema kifurushi changu kilifika Ijumaa, treni zilizuiwa na theluji. Kwa hiyo jiwe halikufanya chochote. Nikamwambia apige hesabu. Alhamisi lilikuwa njiani, Niigata hivi. Kama kutoka Niigata limemtoa mtoto kwa saa mbili, chini ya mto lingefanya nini? Tsuya akasema hata hivyo amelilalia yeye juzi, kwa ajili ya kiuno chake cha kupakulia theluji, na kiuno kimelegea. Akasema nile vizuri.

Nimefikiri siku nzima. Nilikuwa nimekosea. Nilimwambia Takase ni jiwe bandia, na yeye akakataa, na kumbe yeye ndiye aliyejua. Lile zege limekaa kabatini kwangu wiki mbili na halijamsaidia mtu. Nimelitupa.

Mchana nimerudi ukingoni mwa Yodo, pale pale. Nimeokota kumi na moja. Moja la mtoto wa pili wa Fumie, moja la mke wa jirani, moja la ng'ombe wa shemeji, mengine nitajua mbele ya safari. Nguo za kazi nimezitoa begini ili yaenee. Tsuya aje stesheni na kigari cha kuvutia theluji, begi haliinuki. Mkataba unakwisha kabla ya kupanda miche ya mpunga. Nitafika Jumatano, tarehe 31 Machi, kwa treni ya saa nne asubuhi.