Kiboko Si Kiongozi

Ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Ntumbila inawatangazia wananchi wote kwamba kiboko si kiongozi, hajawahi kuwa kiongozi, na yeyote atakayemfananisha kiboko na kiongozi atachukuliwa hatua.

Tangazo hilo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa ofisi, kwenye geti la shule ya sekondari na kwenye mashine ya kusaga. Lilipigwa mihuri mitatu, maana mmoja hautoshi kwa jambo zito kama kiboko. Kabla ya Jumatatu hakuna mtu Ntumbila aliyekuwa amewaza habari hizo. Baada ya Jumatatu hakuna aliyewaza kingine.

Mtendaji mwenyewe, Ndugu Telesphor, alikuwa mtu wa utaratibu. Wananchi walipochimba mtaro wa bomba kwa majembe yao, kilomita nne, kiangazi kizima, yeye alihakikisha daftari la mahudhurio limejazwa. Bomba lilipokamilika mwezi wa tatu alilitia kufuli, kwa sababu bomba ambalo halijazinduliwa, kiutaratibu, bado si bomba, na mgeni rasmi wa kulizindua hakuwa amepatikana. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa. Wanawake walichota kwenye madimbwi ya mtoni, wakigombea na ng'ombe. Telesphor aliwaonea huruma sana. Kila jioni alikwenda kulikagua bomba, na ufunguo wake na ndoo zake mbili, kuhakikisha kwamba maji bado yapo.

Kisa cha tangazo kilianzia darasani. Mwalimu Marsela, wa Kiswahili, aliwasomesha kidato cha pili hadithi ya siku nyingi, ile ambayo hata babu zao waliisoma. Kiangazi kimeuma, wanyama wamechimba bwawa. Kiboko, ambaye hakuchimba, akaja wa mwisho akaingia wa kwanza. Wenzake walipoomba kunywa akawaambia, "Subirini, nayalinda." Wakasubiri. Hadithi inaishia hapo, kwa kuwa hadithi za zamani zilikuwa na adabu. Swali likawa: umejifunza nini? Jibu kwenye mwongozo wa mwalimu: tuwe wavumilivu.

Wanafunzi thelathini na tisa walijifunza kuwa wavumilivu. Wa arobaini, Dina, akaandika hivi:

"Nimejifunza kwamba kiboko hakuyalinda maji, alikaa ndani yake. Mama yangu alichimba mtaro siku kumi na saba, na leo anachota matope. Hadithi ingekuwa nzuri zaidi kama wanyama wangeuliza ufunguo uko kwa nani."

Mwalimu Marsela alimpa tisa juu ya kumi. Ile moja aliikata kwa sababu kwenye hadithi hakuna ufunguo.

Wiki hiyohiyo Gaspar, afisa elimu wa kata, alipita kukagua madaftari. Aliposoma jibu hilo alicheka mpaka akashika meza, kisha akakumbuka kazi aliyoajiriwa kuifanya, akalipeleka daftari kwa Mtendaji.

Telesphor alisoma mara mbili. "Huyu kiboko ni nani?"

"Ni wa kwenye hadithi, mheshimiwa."

"Mbona ana ufunguo?"

Gaspar akaangalia nje dirishani.

Ikaundwa Kamati ya Kuchunguza Jibu, wajumbe watano, soda na dagaa wa Ikola wa kukaanga. Dina akaitwa pamoja na mama yake, Imakulata. Akionekana ana kosa angefukuzwa shule, wiki tano kabla ya mtihani. Imakulata aliogopa kwelikweli. Yeye aliishia darasa la nne, na huyu ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba yake kufika sekondari.

"Binti, kiboko ni nani?" Telesphor akaanza.

"Ni mnyama, baba."

"Tunajua ni mnyama. Tunataka jina lake."

"Hadithi haijamtaja."

"Basi mtaje wewe."

"Mimi simjui, baba. Nyie ndio mnamtafuta."

Imakulata akapiga magoti. "Mheshimiwa, huyu ni mtoto, msameheni. Mwambieni tu amwombe msamaha nani, aombe, arudi darasani."

Hapo kamati ikakwama. Akimwomba msamaha Mtendaji, basi Mtendaji ndiye kiboko. Akimwomba kiboko, huyo anaishi hifadhini, na ofisi haina utaratibu wa kumwandikia barua. Walijadili kwa saa tatu nzima, dagaa wakaisha. Ikaazimiwa kwamba litolewe tangazo, na Dina akae nyumbani mpaka wilaya iidhinishe kufukuzwa kwake.

Sasa, fomu ya kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la matusi ina kipengele cha nne: jina la aliyetukanwa. Fomu isiyojazwa yote haipokelewi. Mjumbe wa kwanza alisema yeye hajatukanwa. Wa pili naye hakutukanwa. Gaspar alisema hajawahi kutukanwa tangu azaliwe. Telesphor, ambaye katika utumishi wake hajawahi kuacha kipengele wazi, akachukua kalamu akaandika jina lake kamili na cheo chake. Kipengele cha tano, tusi lenyewe: "Kiboko." Kipengele cha sita, uthibitisho kwamba aliyelengwa ni wewe: "Ufunguo ninao mimi." Akapiga mihuri mitatu, akaambatanisha na nakala ya tangazo.

Kule wilayani fomu iliangukia mikononi mwa mama mmoja, Cecilia, mwenye tabia mbaya ya kusoma karatasi mpaka mwisho. Jibu lilirudi baada ya siku tisa, likiwa na agizo kwamba lisomwe mbele ya wananchi, bombani. Gaspar akasoma:

"Tumepokea fomu yako, ambamo umejitambulisha kuwa wewe ndiye kiboko na kwamba ufunguo unao. Tunakushukuru kwa uwazi. Kwa hiyo jibu la mwanafunzi ni sahihi. Arudi darasani na apewe alama yake iliyokatwa. Aidha, kwa mujibu wa tangazo lako lenye mihuri mitatu, kiboko si kiongozi. Ofisi hii haina pingamizi. Kabidhi mihuri na ufunguo leo kabla ya saa sita mchana."

Telesphor aliichukua barua akaitafuta kasoro. Kumbukumbu namba ilikuwepo, tarehe ilikuwepo, sahihi ilikuwepo. Barua ilifuata utaratibu wote.

"Lakini mgeni rasmi bado hajapatikana," alisema.

"Lete ufunguo, baba," alisema Imakulata.

Akaupokea, akafungua kufuli, akafungua koki. Maji yakatoka hivyohivyo, bila kuzinduliwa. Dina alijaza ndoo ya mama yake, akanawa uso, akaenda shule.

Jioni Telesphor alikuja na ndoo zake mbili kama kawaida, akakuta foleni imefika mpaka kwenye mashine ya kusaga. Akauliza kama hakuna utaratibu wa watumishi. Mwanamke aliyekuwa mbele yake akamwambia awe mvumilivu.