Namba Kumi na Saba Hakutoroka

Lurujo, Koboko
14 Machi 1991

Mheshimiwa Daktari Mkuu wa Majaribio ya Dawa za Saratani ya Mapafu,

Mimi ni Rosa Kiden, mjane wa Kasimiro, ambaye ninyi mnamwita Namba Kumi na Saba. Barua yenu imetukuta msibani. Mnasema ametoroka majaribio, na mnamtaka arudi Jumanne bila kula asubuhi. Nawapongeza kwa elimu yenu, kisha nalalamika hivi:

1. Mwaka 1979, jeshi letu zima lilipokimbia vita, Kasimiro mpishi wa jeshi alibaki kambini siku mbili akitafuta mtu wa kumkabidhi sufuria. Huyo leo mnamwita mtoro. Alipotoka kwenu hakuweza kufika hata chooni, nilimbeba mgongoni. Kama huko ni kutoroka, niandikeni mimi, maana miguu ilikuwa yangu.

2. Kwetu mtu hufia nyumbani kwa baba yake. Nilimweleza karani wenu. Akatazama fomu. Palikuwa na nafasi ya uzito, ya matapishi, hata ya rangi ya mkojo, ila ya kwenda nyumbani kufa haikuwepo.

3. Mlisema dawa mbili kwa pamoja zina nguvu kuliko moja. Nakubali. Moja ilimaliza nywele, ya pili ikamaliza hamu ya chakula. Mtu aliyejua chumvi kwa kunusa mvuke tu, akawa anageukia ukutani nikikaanga kitunguu.

4. Kwa kuwa mnamhitaji sana, njooni Lurujo na mizani yenu. Kaburi liko nyuma ya jiko. Hajala asubuhi, kama mlivyoagiza.

Shemeji yangu Dramadri, mdogo wa marehemu, alisoma barua yenu akasema, "Rosa, tia hii kwa moto. Hawa watu iko na kalamu tu." Sikuichoma, kwa sababu naomba futeni "ametoroka", andikeni "amefariki". Halafu msiiandikie tena familia hii maisha yenu yote.

Nisalimieni wauguzi, karani na fomu yake, na zaidi muuguzi Elena, aliyemshikia beseni bila kukunja uso.

Ni mimi, mwenye miguu iliyotoroka,
Rosa Kiden

N.B. Kwetu, vitu vya marehemu hurithiwa na mdogo wake. Dramadri amekwisha kuchukua koti na redio. Tangu Jumapili anakohoa damu, kama kaka yake alivyoanza, na leo ameniomba nisifunge bahasha kwanza. Anauliza kama Namba Kumi na Saba bado iko wazi. Jumanne tutafika. Hatakula asubuhi.