Dorcas na Tundu Lililozibwa kwa Wema

Tak! Tak! Tak! Kabla jogoo wa Kakuyuni hajasafisha koo, ufagio wangu wa chelewa ulikuwa ukivunjwa jikoni.

Sogeeni, enyi wa karibu na wa mbali, wekeni vikombe chini, mpate habari za Dorcas, mjukuu wangu, mvaa miwani, mshinda mitihani, aliyeingia vitani alfajiri ile akiwa na kanga mabegani na bakuli la mbaazi nilizoroweka za kufungulia kinywa.

Adui yake haonekani kwa macho. Jina lake grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja tu, na atomu zake zimeshikana pembesita kwa pembesita kama sega la nyuki. Asubuhi hiyo walimu wake chuoni Kilifi wangemsikiliza akieleza mambo yatokeayo pale atomu moja inapotoweka; na nafasi ya kwenda kwenye maabara yenye hadubini ya kuona atomu ilikuwa moja, ya atakayeeleza vizuri kuliko wenzake. Basi mbaazi zikawa atomu, njiti za ufagio zikawa mikono yao, ufalme mzima ukatandazwa juu ya uteo wangu wa kupepetea, na katikati pakaachwa tundu moja, alilolilinda kama lango la ngome.

Kisha akaenda kuoga.

Ndipo akapita Masha, mume wangu, bwana wa viraka, mziba paa la jirani bila kuombwa, ambaye tangu nimjue hajaona tundu akaliacha. Akachutama, akachagua mbaazi nene, akaichomeka kwa subira ya sonara, akaenda zake bila kujisifu.

Dorcas aliporudi, kilio chake kiliwatawanya kuku uani.

"Nani amelijaza tundu langu?"

"Mimi, mjukuu wangu," akasema Masha, kifua mbele. "Nisingekubali walimu waseme kwetu mbaazi zimetuishia."

"Tsawe, babu yangu! Hiyo kasoro ndiyo somo lenyewe!"

"Chuo gani hicho kinachosomesha matundu?"

Nikacheka nyuma ya sufuria. Lakini nilipoyaona machozi yakimlenga mtoto, na saa ya kuondoka imefika, kicheko kikanikatika.

Dorcas akaketi, akaishika pini ya nywele kama mkuki, akatamka: "Ewe mbaazi, uliyeingia kwa wema, toka kwa wema!" Akavuta. Ikatoka, lakini jirani yake naye akapasuka, akaanguka. Tundu likawa la wawili.

Masha akalivuta bakuli la mbaazi.

"Nikuletee nyingine?" Masha akauliza, sauti imepungua.

"Ngoja, Tsawe." Akainama hadi miwani ikagusa uteo. "Ikikosekana moja, majirani ni watatu: wawili watashikana, mmoja atabaki peke yake. Zikikosekana mbili, majirani ni wanne..."

Akawavuta taratibu, wawili upande huu, wawili upande ule. Ikazaliwa pembetano huku, pembetano kule, na baina yao pembenane, pana kama baraza. Akautikisa uteo. Hakuna mbaazi iliyoning'inia.

"Kumbe ni kama matangani," akasema Masha. "Mtu akinyanyuka mkekani, mnasogeleana."

"Ndivyo hasa, Tsawe! Hivyo ndivyo nitakavyowaambia."

Naye mume wangu, aliyekwisha kuiomba radhi kila mbaazi, akampakatisha Dorcas uteo ule kwenye bodaboda, akaufunika kwa shati lake la kanisani vumbi lisiuguse, akarudi amebaki na fulana.

Adhuhuri simu ikalia: nafasi amepewa Dorcas! Na ijulikane basi, toka Kikambala hata Malindi, vizazi na vizazi, kwamba atomu zilipoachana, aliyezipatanisha ni binti wa Kakuyuni, kwa pini ya nywele.

Nilitaka kumpa hongera kwa hotuba, lakini Masha alikwisha kuninyang'anya simu.

"Mama, hiyo hadubini isikusahaulishe kwetu," akamwambia mjukuu wake. "Njoo tena Jumamosi. Njoo na matundu yako yote; sitagusa hata moja."