Jiwe Linalokula Mawimbi

Jumatatu, 9 Juni

Liliane, mwanangu, una roho gani? Tangu Pasaka hujakanyaga hapa kwangu Kabeza! Ungekuwepo, haya yasingetokea. Soma, kosa ni lako.

Binti yako Alida kaja kulala kwangu wiki hii, na jiwe lake la chuoni ndani ya kikopo. Jeusi, la mviringo, dogo kama pilipili manga. Ati fuwele ya feraiti, madini ya sumaku. Ijumaa analipima mbele ya mwalimu. Bila jiwe, hana mtihani. Nikauliza lina kazi gani. Akasema mawimbi yakilipitia, linakula kidogo, linapata joto, na hicho kilicholiwa wao wanaita hasara. Mawimbi gani? Ya mikrowevu, Nyogokuru, bibi yangu, ndugu wa yale ya spika zisizo na waya.

Spika! Jirani yangu Xavérine anayo. Inabweka tangu alfajiri, rozari yangu mwenyewe siisikii.

Jiwe linakula? Basi na lile kelele hizo!

Jumanne

Alida kaenda Gisimenti. Nimelitoa kikoponi, nikalibandika kwa ugali juu ya ukuta wa ua, upande wa spika. Nikangoja. Kelele vilevile. Labda halijasikia njaa.

Kuku wa Xavérine ndiye aliyesikia. Kapanda, kadonoa ugali. Ugali na jiwe! Mana wee, Mungu wangu!

Jumatano

Nimekwenda kwa Xavérine na sauti ya asali. Nikasema kuku wake mgonjwa, achinjwe. Akasema mgonjwa ni mimi, huyo anataga. Nikatoa jogoo wangu mwekundu tubadilishane. Kakubali, lakini kuku atamchinja mwenyewe kesho, maana mimi ananijua!

Alida hajafungua kikopo. Nasali.

Alhamisi

Xavérine kaingia na firigisi mkononi, kaipasua, akauliza mbele ya mtoto: Mama Liliane, kuku wangu unamlisha shanga? Alida alipiga yowe, nadhani ulisikia huko uliko.

Ijumaa

Mchanga wa firigisi umelikwaruza jiwe. Alida anasema uso ukikwaruzika, hasara inazidi. Nikajifunika kitenge. Kumbe mwalimu kafurahi! Awali lilipimwa chuoni likiwa laini, sasa lina makwaruzo, mtoto ana cha kulinganisha. Kafaulu. Kanikumbatia, kaniapisha kwa Bikira Maria nisiguse tena vitu vyake. Nimeapa.

Lakini hebu fikiri: hasara imezidi. Yaani sasa linakula zaidi! Na Xavérine ana spika na jogoo wangu, wanapokezana kelele.

Ukija, pitia kwanza kwa Alida, Kagugu, unitolee lile jiwe. Mimi nimeapa. Wewe hujaapa.