Wanafunzi Tisa wa Kujazia

Jumatatu, 4 Februari 1957
Barua kutoka Nakuru! Mkaguzi wa shule anakuja Ijumaa. Akikuta wanafunzi hawafiki arobaini, shule yangu hapa Ndabibi inafungwa na watoto wanahamia kwa Mwalimu Wasike, ng'ambo ya mto. Mimi niwe msaidizi wake. Msaidizi wa Wasike! Mtu anayepiga filimbi hata akitaka chai! Nina wanafunzi thelathini na mmoja. Tulia, Kimaiyo. Akili unazo.

Jumanne, 5 Februari
Nimepika uji wa maziwa na kutangaza kwamba kwetu watoto wanakunywa bure. Saa nne wakaja kumi na wawili wa Wasike, mbio! Nikaimba kwa furaha. Wakamaliza sufuria, wakashukuru kwa adabu, wakarudi kwa Wasike kusoma hesabu. Wasike ametuma salamu. Anauliza kesho uji ni saa ngapi.

Jumatano, 6 Februari
Mpango bora zaidi. Akina mama tisa watakaa darasa la kwanza, wahesabiwe. Mama Jeruto, mkulima wa viazi, jirani yetu, amekubali kwa niaba ya wote. Lakini ametoa sharti: kesho niwafundishe kweli, hawatakaa bure kama magunia.

Alhamisi, 7 Februari
Nimewafundisha. Kila mmoja ameandika jina lake. Mama Jeruto ameliandika lake ubaoni, halafu kwa makaa kwenye ukuta wa nje, herufi kubwa kama ndoo. Nilishindwa kumkemea. Machozi yalinitoka. Vumbi la chaki, bila shaka.

Ijumaa, 8 Februari
Mkaguzi alitazama safu ya nyuma kwa muda mrefu. Akamuuliza Mama Jeruto ana miaka mingapi.
"Saba," akajibu, kama nilivyomfundisha.
Na huyo mtoto mgongoni?
"Huyu ni wa sita, Bwana."
Darasa zima likaangua kicheko! Mkaguzi akafuta majina tisa kwa wino mwekundu. Atarudi Jumatano kuhesabu watoto peke yao. Nimekwisha.

Jumatatu, 11 Februari
Nilikuja kufunga sanduku langu. Mlangoni nikakuta akina mama wote tisa na wasichana kumi na mmoja!
"Mwalimu," Mama Jeruto akasema, "siku moja tu na nimejua kuandika jina langu. Huyu binti yangu Cheptanui nilikuwa nikimwacha nyumbani alee mtoto. Mtoto nitambeba mwenyewe shambani. Mwandike."
Nikawaandika wasichana wote.

Jumatano, 13 Februari
Arobaini na wawili! Mkaguzi amehesabu mara mbili, akanipa mkono. Nikamwambia mimi siku zote nimeamini ukweli. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Hata Wasike alivuka mto kunipongeza.

Jumamosi, 16 Februari
Wasichana wanakaa chini, madawati hayatoshi. Wasike ana matano ya ziada, na kesho asubuhi atakuwa kanisani Naivasha. Nimeshaazima mkokoteni na punda wawili. Akiniuliza, nitasema madawati yameomba uhamisho.